Reglaji ya Injini na Ulaji wa Mafuta: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Likasi na Tshangalele

Kurekebisha injini, kazi ambayo gereji za Likasi huiita reglaji, hupunguza ulaji wa mafuta iwapo injini ilikuwa imetoka kwenye vipimo vyake. Hurudisha kilichopotea na kuishia hapo. Gari ambalo plagi zake ni nzima, sensa zake zinasoma vizuri na joto lake ni la kawaida litatoka gereji likila mafuta yaleyale lililokuwa likila lilipoingia, hata kama fundi ameshinda nalo kutwa. Lenye hitilafu linaweza kuwa linatupa robo ya mafuta yake bila mwenyewe kujua. Kinachotenganisha magari hayo mawili ni kipimo, kwa hiyo mwenye gari anahitaji kujua nini kipimwe, kipimwe vipi, na lini kazi inastahili kulipiwa.

Katika Haut-Katanga jambo hili ni zito kuliko kwenye miji ya pwani. Petroli na dizeli husafiri nchi kavu kutoka bandari za mashariki na kusini mwa Afrika, nyingi zikipitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, na kila lita hubeba gharama ya safari hiyo. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita 120 hivi za barabara kuu. Upande wa pili kuna njia za udongo zinazoshuka kwenda Ziwa Tshangalele, bwawa la mto Lufira linaloendesha kituo cha umeme cha Mwadingusha kilichoanza kazi mwaka 1930. Samaki wa vijiji vya kandokando ya ziwa na eneo la Kapolowe hupanda kwenda kuuzwa mjini, na mchuuzi hulipia mafuta ya gari kabla hajauza hata fungu moja. Kwake lita mbili zinazopotea kila safari ni sehemu ya faida inayokwenda na moshi.

Mafuta yanavyopotea ndani ya injini

Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta ili vyote viungue bila masalio. Hewa ikipungua kidogo, hadi kama 12.5 au 13, injini hutoa nguvu kubwa zaidi lakini sehemu ya mafuta hutoka bila kuungua kikamilifu. Hewa ikizidi kidogo, kwenye 15.5 au 16, ulaji hupungua ila nguvu hushuka. Ikizidi mno, injini huanza kumisi, na mafuta yasiyowaka hutoka kwenye ekzosi kama yalivyoingia. Reglaji yote ya injini ya petroli huzunguka mambo matatu: kiasi cha mafuta kwa hewa iliyopo, cheche yenye nguvu, na cheche hiyo kutokea wakati wake.

Hata mambo hayo yakiwa sawa kabisa, sehemu kubwa ya nishati ya mafuta huishia kuwa joto la rejeta na la ekzosi. Katika gari la kawaida la petroli ni kama asilimia 12 hadi 30 tu ya nishati hiyo inayofika kwenye magurudumu, kutegemea kama gari linakwenda mjini au barabara kuu. Hasara hiyo imo katika maumbile ya injini yenyewe na hakuna bisibisi inayoiondoa. Ahadi ya kupunguza ulaji kwa nusu kwa kurekebisha injini nzima inapaswa kukataliwa hapohapo.

Kiasi halisi kinajulikana vizuri. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba gari lililotoka waziwazi kwenye vipimo vyake, likirekebishwa, huokoa wastani wa asilimia 4 ya mafuta. Hitilafu kubwa kama sensa ya oksijeni iliyokufa ni jambo jingine: kuitengeneza kunaweza kuboresha mwendo kwa kila lita hadi asilimia 40. Kati ya 4 na 40 kuna umbali mkubwa, na ndiyo maana swali la kama reglaji inasaidia hupata majibu yanayogongana kutoka kwa madereva ambao wote wanasema kweli.

Mwinuko wa Katanga na injini za kabureta

Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu mita 1,100. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 12 hadi 14. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu kiasi hichohicho cha nguvu, na hakuna fundi wa kulaumiwa kwa hilo. Dereva aliyelitoa gari pwani akaona limekuwa zito baada ya kufika Katanga anaona kazi ya hewa.

Kabureta ndiyo inayodhurika zaidi, kwa sababu haijui kwamba hewa imepungua. Jeti zake zilizopangwa kwa ajili ya pwani huendelea kumwaga mafuta kwa kadiri ya mkondo wa hewa unaopita, na kwenye mwinuko wa Likasi mchanganyiko huwa mzito kwa asilimia 6 hivi. Magari ya kabureta yamebaki machache, lakini pikipiki nyingi, zikiwemo za manseba wanaobeba abiria, bado zinatumia kabureta, na kwa hizo reglaji ya kweli ina faida ya kweli.

Kosa la kawaida ni kuzungusha skrubu ya mchanganyiko peke yake. Skrubu hiyo hutawala ralanti, yaani injini inapozunguka taratibu chombo kikiwa kimesimama. Mara dereva anapofungua gesi na kushika mwendo, mafuta hupita kwenye sindano na jeti kuu, ambazo skrubu haizigusi. Pikipiki inayotoa sauti tamu mbele ya gereji inaweza kuendelea kula vilevile njiani. Marekebisho ya mwinuko hufanywa kwa kushusha sindano tundu moja, pale muundo unaporuhusu, au kwa kuweka jeti kuu ya namba ndogo kidogo, kisha kusoma plagi baada ya mwendo mrefu. Plagi ya rangi ya kahawia isiyokolea inaonyesha mchanganyiko mzuri. Nyeusi yenye masizi makavu ni ya mafuta mengi. Nyeupe iliyopauka ni onyo: mafuta ni machache mno, joto limepanda, na pistoni au valvu inaweza kuungua. Injini iliyonyimwa mafuta kwa tamaa ya kuokoa huja kugharimu kuliko kila kilichookolewa.

Magari ya zamani zaidi yana platini kwenye distributa. Platini huchakaa, mwanya wake hubadilika, na cheche huchelewa siku hadi siku. Hizo ndizo injini ambazo sifa ya reglaji ilijengwa juu yake: zilihitaji kurekebishwa mara kadhaa kwa mwaka, na kila mara dereva aliona tofauti. Sifa hiyo imehamishiwa kwenye magari ya leo ambayo hayana platini, hayana kabureta, wala skrubu ya kuzungusha.

Magari ya injekta

Toyota ndogo zilizotumika Japani au Ulaya kabla ya kufika Katanga, ambazo ni sehemu kubwa ya teksi za Likasi na Lubumbashi, zina kompyuta inayopima hewa inayoingia na oksijeni inayobaki kwenye ekzosi. Sensa ya oksijeni hutoa volti inayopanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 mara nyingi, na kompyuta huongeza au kupunguza mafuta kuifuata. Mwinuko wa Likasi hauvurugi mchanganyiko wa gari la namna hii, kwani kompyuta hujirekebisha yenyewe. Fundi anayesema kwamba gari la injekta linahitaji kupangwa upya kwa sababu ya mlima anauza kazi isiyokuwepo.

Kinachoharibu ulaji kwenye magari haya ni taarifa za uongo zinazoifikia kompyuta. Ya kwanza kuangaliwa iwe thamostati, kwa sababu kosa lake hufanywa na mikono ya gereji zenyewe. Injini ikichemsha, mafundi wengi huitoa thamostati na kuacha maji yazunguke wazi muda wote. Kuchemsha hupungua, au huonekana kupungua, na tatizo la asili, ambalo mara nyingi ni rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka au gasketi, hubaki limefichwa. Tangu siku hiyo injini haifiki joto lake la kazi. Thamostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi 80 hivi za selsiasi. Bila hiyo maji yanaweza kubaki kwenye 60 au chini yake katika asubuhi za Juni na Julai, wakati baridi ya Katanga hushuka chini ya nyuzi 10. Kompyuta huisoma injini hiyo kama iliyowashwa sasa hivi na kuendelea kuipa mafuta ya kuamshia. Oili hubaki nzito, kuta za silinda huoshwa na petroli, na ringi huchakaa mapema. Kurudisha thamostati sahihi na kutibu sababu halisi ya kuchemsha ni reglaji bora kuliko nyingi zinazolipiwa kwa jina hilo.

Plagi zinafuata. Mwanya unaotakiwa, kwa injini nyingi, uko kati ya milimita 0.7 na 1.1, na kila injini ina kipimo chake. Mwanya ukipanuka kwa kuliwa, cheche hudhoofika. Silinda moja kati ya nne isipowaka, mafuta yote inayopewa hutoka bure. Ni robo nzima ya mafuta ya injini, na zile tatu zilizobaki huongezewa kazi. Petroli hiyo huungua baadaye ndani ya katalisti na kuiyeyusha. Gari linalomisi lisiendeshwe hadi mwisho wa mwezi kwa kusubiri pesa.

Chujio la hewa lina habari isiyotarajiwa. Maabara ya Oak Ridge nchini Marekani ilijaribu magari ya kisasa ya injekta kwa vichujio vilivyozibwa na ikaona, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2009, kwamba ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni kasi ya gari kuchomoka. Kompyuta inaona hewa imepungua na inapunguza mafuta. Kwenye gari la kabureta, kichujio kilichoziba huongeza ulaji kwa asilimia 2 hadi 6, na kikiziba sana, hadi 14. Hata hivyo, kwenye vumbi jekundu la njia za ziwani na lile la malori ya madini, kichujio kibadilishwe au kipulizwe kwa wakati, kwa ajili ya uhai wa injini. Vumbi linalopita husaga ringi na silinda, na injini iliyosagika hupoteza kompresheni isiyorudishwa na reglaji yoyote. Kuendesha bila kichujio ili gari lipumue ni kuliua taratibu. Vumbi hilohilo huganda kwenye sensa ya kupimia hewa, ambayo husafishwa kwa dawa yake maalumu na haiguswi kwa brashi wala kitambaa.

Kuhusu sensa ya oksijeni, hakuna haja ya kubahatisha. Marekani iliyalazimisha magari mapya kuwa na soketi ya uchunguzi ya OBD-II kuanzia 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi hiyo na kuwasiliana na simu husoma makosa yaliyohifadhiwa. P0128 huonyesha injini isiyofika joto lake. P0172 ni mchanganyiko mzito, na P0171 ni mwepesi. Makosa kati ya P0130 na P0135 huelekeza kwenye sensa ya oksijeni ya kwanza au nyaya zake. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe hayatoi taarifa zote kwa vifaa rahisi, lakini joto la maji na marekebisho ya mafuta husomeka kwa mengi. Marekebisho hayo yakikaa ndani ya asilimia 10 juu au chini, kompyuta haina shida kubwa na injini. Yakipita hapo, kuna kitu cha kutafuta: hewa inayovuja kwenye manifoldi, injekta chafu, presha ya pampu au sensa. Mwenye gari aombe aonyeshwe namba hizo kabla kazi haijaanza, na aonyeshwe tena baada ya kumalizika. Fundi mzuri hachukizwi na ombi hilo.

Dizeli

Kwenye Land Cruiser za migodi na malori ya kati yanayobeba makaa na samaki, jambo la kwanza kusomwa ni rangi ya moshi. Moshi mweusi ni mazutu, yaani dizeli, ambayo haikupata hewa ya kutosha au haikupulizwa vizuri. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto huashiria taimingi iliyochelewa, kompresheni iliyopungua au maji ndani ya silinda.

Injini za zamani zenye pampu ya makenika, kama Toyota 1HZ ya lita 4.2 na silinda sita isiyo na turbo, hufaidika sana na reglaji iliyofanywa kwa vipimo. Nozeli zilizochakaa hudondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu. Zikijaribiwa kwenye pampu ya mkono yenye geji, zikabadilishwa zile mbovu, na taimingi ya pampu ikarudishwa kwenye alama, moshi hupungua na ulaji hushuka pamoja nao. Kwa mwinuko wa Katanga kuna jambo la ziada: pampu isiyo na kifaa cha kufidia mwinuko hutoa mafuta ya pwani kwa hewa ya mlimani. Kupunguza kidogo kiasi cha juu cha mafuta, kwenye benchi ya kupimia pampu, huondoa moshi mzito wa kwenye vilima.

Mara nyingi hufanyika kinyume chake. Dereva analalamika kwamba gari halipandi na mzigo, na fundi anafungua skrubu ya pampu ili mafuta yaongezeke. Nguvu hupanda kidogo, moshi unakuwa mweusi tii, joto la ekzosi linapaa, na gari linakula zaidi katika kila kilima kuanzia siku hiyo. Skrubu hiyo ina lakiri ya kiwanda. Ikikutwa imekatwa, mnunuzi wa gari hana budi kuuliza kwa nini.

Dizeli mpya za komoni reli hufanya kazi kwa presha ya zaidi ya bar 1,000 na hazirekebishwi kwa mkono. Adui yao ni maji na uchafu ndani ya mafuta, kwa hiyo kuondoa maji kwenye kichujio kila wiki na kubadilisha kichujio hicho mapema kuliko kitabu kinavyosema kuna thamani kubwa kuliko kufungua injekta bila sababu.

Kubadilisha programu, na vifaa vya miujiza

Kazi ya kuandika upya programu ya kompyuta ya gari imefika pia miji ya Kongo, na huuzwa kwa ahadi mbili kwa pamoja: nguvu zaidi na mafuta kidogo. Kwa petroli, nguvu huweza kuongezeka pale dereva anapokanyaga hadi mwisho, hasa kwenye injini ya turbo. Katika mwendo wa kawaida, kompyuta ya kiwandani tayari inashika 14.7 na taimingi iliyo karibu na bora kabisa, kwa hiyo nafasi ya kuokoa ni finyu.

Kwa dizeli ya turbo nafasi ipo, lakini bei yake hulipwa kwingine. Injini ya dizeli inaweza kupangwa ile mafuta kidogo zaidi ikiruhusiwa kutoa oksidi nyingi zaidi za nitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu. Mvutano huo kati ya hewa safi, gharama na utendaji wa gari ndio uliokuwa nyuma ya kashfa ya Volkswagen iliyofichuka Septemba 2015, ambapo magari kama milioni 11 duniani yalikutwa na programu iliyobana moshi wakati wa kupimwa tu. Anayebadilisha programu ya pikapu yake Likasi, mji ambao hewa yake tayari inabeba moshi wa viwanda vya shaba na kobalti, anachagua upande katika mvutano huohuo, na majirani zake ndio wanaovuta matokeo. Tena sehemu ya akiba inayosimuliwa hutokana na dereva kupanda gia mapema kwa sababu injini ina nguvu kwenye mizunguko ya chini. Akiendelea kukanyaga ili aionje nguvu mpya, ulaji huongezeka.

Sumaku za kufungwa kwenye bomba la mafuta, vidonge vya tangini, mitambo ya kuzungusha hewa na vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi ya sigara vimechunguzwa kwa miaka mingi. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, EPA, limetathmini zaidi ya vifaa 100 vya aina hizi. Vichache sana vilionyesha faida yoyote, nayo ndogo, na baadhi viliharibu injini au kuongeza moshi. Pesa ya vifaa hivyo ingenunua seti ya plagi halisi.

Ubora wa mafuta yenyewe

Reglaji haisimami juu ya mafuta mabaya. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia na wachuuzi ambao miji mingi ya Kongo huwaita kadhafi huokoa mtu aliyekaukiwa njiani, lakini chanzo chake hakijulikani, na mafuta ya taa yakichanganywa humo, okteni hushuka. Injini huanza kugonga kwenye vilima. Kwenye gari lenye distributa, fundi husikia kugonga huko na kurudisha taimingi nyuma ili kukome. Gari linatulia, na tangu hapo linakula zaidi hata siku linapopewa petroli safi, kwa sababu cheche sasa inachelewa daima. Kabla ya kugusa taimingi, tangi litolewe mafuta hayo na lijazwe kituoni.

Vilivyo nje ya injini

Mara nyingi kinachokula mafuta hakiko chini ya boneti, na reglaji hulaumiwa kwa kushindwa kutibu ugonjwa wa magurudumu. Kila psi 1 inayopungua kwenye tairi zote hupoteza karibu asilimia 0.2 ya mafuta. Gari linalotakiwa kuwa na bar 2.2 likitembea na 1.5, hasara ni asilimia 2 hivi, nusu ya kile ambacho reglaji ya kawaida hurudisha, na tiba yake ni upepo tu. Breki inayoshika hula zaidi. Hugunduliwa kwa kupandisha gurudumu kwa jeki na kulizungusha kwa mkono, au kwa kusogeza kiganja karibu na rimu zote baada ya safari bila breki kali: lililo la moto kuliko mengine lina kosa.

Mzigo juu ya paa hupigana na upepo. Ukinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 90 hadi 110 kwa saa, nguvu hiyo hupanda kwa karibu nusu. Kwenye lami ya Lubumbashi, dereva anayeshuka kutoka 110 hadi 85 huokoa zaidi ya alichotarajia kwa fundi, na anachelewa dakika ishirini tu kwa safari nzima. Kukanyaga kwa ghafla na kufunga breki kwa ghafla, kwa makadirio ya Marekani, hupoteza asilimia 15 hadi 30 barabara kuu na 10 hadi 40 kwenye msongamano. Injini ndogo iliyoachwa inaunguruma kwenye foleni ya peaji au mwaloni ikisubiri samaki wapakiwe hutumia karibu lita moja kwa saa.

Kupima kabla na baada

Kipimo cha kuaminika ni tangi hadi tangi. Tangi lijazwe kwenye kituo kilekile, pampu ileile, hadi bomba linapojikata mara ya kwanza, bila kuongeza. Kilomita ziandikwe. Baada ya safari, lijazwe tena vilevile. Lita zilizoingia huzidishwa kwa 100 na kugawanywa kwa kilomita zilizotembewa. Mfano: Likasi hadi Lubumbashi na kurudi ni kilomita 240, zikiingia lita 19.2, gari linakula lita 8 kwa kilomita 100. Safari ihesabiwe kwenda na kurudi, hasa ya ziwani, ambako kushuka ni kwepesi na kupanda na mzigo ni kuzito.

Kosa la nusu lita katika kujaza, katika mfano huo, ni zaidi ya asilimia 2.5. Petroli nayo hutanuka kwa takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo kujaza alfajiri na kujaza saa nane mchana kunaweza kutofautiana kidogo. Akiba ya asilimia 4 haiwezi kuonekana kwa tangi moja; matangi matatu kabla na matatu baada ndiyo kiwango cha chini. Hali zifanane: upepo uleule wa tairi, mzigo unaokaribiana, dereva yuleyule, saa ileile ya kujaza. Vipimo vya kiangazi visilinganishwe na vya mvua za Novemba hadi Aprili, wakati tope la njia za Tshangalele peke yake linaweza kuongeza ulaji kuliko hitilafu yoyote. Gari lililobadilishiwa ukubwa wa tairi husoma kilomita za uongo, na umbali wake ni bora upimwe kwa simu.

Baada ya hapo gharama hugeuzwa kuwa lita, kwa kuwa faranga na dola hubadilika lakini lita haibadiliki. Kazi ya fundi pamoja na vipuri ikilingana na bei ya lita 20, hesabu ni rahisi. Gari la nyumbani linalokula lita 9 kwa kilomita 100 na kutembea kilomita 1,500 kwa mwezi hutumia lita 135. Akiba ya asilimia 5 ni lita 6.75, na kazi hujilipa baada ya miezi mitatu. Teksi ya kilomita 4,000 kwa mwezi hutumia lita 360. Asilimia 5 yake ni lita 18, na gharama hurudi ndani ya wiki tano hivi. Akiba ikiwa asilimia 1, gari la nyumbani litahitaji zaidi ya mwaka, na muda huo plagi nyingi za kawaida zitakuwa zimekaribia kubadilishwa tena.